Barua ya Shangazi Kuhusu Likizo ya Juni

Lushoto

Mwanangu,

Shangazi yako hajambo, ila goti lake linamsumbua kila kipupwe kikiingia. Mama yako mdogo amejifungua salama, mtoto wa kike. Bei ya kabichi imeanguka tena. Hayo yanatosha, kwani kilichomfanya ashike kalamu ni kingine.

Kijana anayepeleka kabichi Kariakoo amerudi na habari kwamba mjukuu wa darasa la nne haji Lushoto Juni hii. Ameandikishwa tuisheni, Jumatatu hadi Jumamosi, likizo nzima, na jioni kuna mwalimu mwingine anayemfuata nyumbani. Shangazi alidhani kijana amechanganya nyumba, akampigia mkeo. Mkeo akacheka, akasema upimaji wa kitaifa uko karibu. Kumbe si uvumi.

Upimaji anaujua. Alishika chaki kabla hujazaliwa, na waliopita mikononi mwake wamo serikalini na hospitalini hadi leo, ingawa kwenye vikao vya ukoo hilo halitajwi. Hapingi mtihani. Anauliza tu: kati ya tuisheni ya asubuhi na mwalimu wa jioni, mtoto huyo atashika saa ngapi kitu kwa mikono yake, na atamuuliza nani swali ambalo halitatoka kwenye mtihani?

Hapo Magamba, juu tu ya mji wetu, palitokea jambo ambalo watoto wa Dar es Salaam wangepaswa kulijua kuliko majina ya wachezaji wa Ulaya. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya pale. Wavulana walikuwa na shughuli yao nje ya ratiba: wananunua maziwa kwa kina mama wa jirani, wanayachemsha, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji yawe aiskrimu. Nafasi ilikuwa ndogo na wavulana walikuwa wengi. Siku moja mwenzake, kwa kuogopa kukosa nafasi, alitia maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba naye akaona akingoja yake yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akayaingiza yakiwa ya moto, friji ikiharibika na iharibike. Baada ya saa moja na nusu walikwenda kuangalia: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado mazito tu.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amejichanganya, jambo hilo haliwezekani. Shangazi yako akifika hapa hukasirika kila mara, maana mwalimu angeweza kutembea hatua chache hadi kwenye friji ileile.

Aliyemuunga mkono Mpemba hakuwa na cheti cha fizikia. Alikuwa rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akamwambia kuwa yeye huyagandisha maziwa yakiwa ya moto kwa sababu huwahi. Biashara ilikuwa imeshamfundisha. Mpemba alikwenda na swali lake hadi shule ya Mkwawa, Iringa, na huko nako mwalimu akamtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Ndipo akaja Dakta Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi sawa, vyombo sawa, kwa nini yale ya moto huganda kwanza? Wenzake waliona amewaaibisha. Osborne akamuuliza kama kweli ameyajaribu, akakiri kwamba hajui jibu, akaahidi kwenda kujaribu. Fundi wake wa maabara alipoleta taarifa kwamba ya moto yametangulia, aliongeza kuwa angerudia hadi apate matokeo yaliyo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo kijana alikuwa anasomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, lakini wanalibishania kwa jina la Mpemba.

Sasa mweke Mpemba kwenye tuisheni yako ya Jumatatu hadi Jumamosi. Maziwa angeyachemsha lini?

Usije ukadhani shangazi yako anataka mtoto azurure. Wala hataki kila kinachofanyika nje kigeuzwe somo jingine, maana hilo nalo amelishuhudia. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zikapata mashamba, na wazo lilikuwa zuri: mtoto ajifunze kwa kazi. Katika shule nyingi shamba likaishia kuwa adhabu. Aliyechelewa, palizi. Aliyepiga kelele, kubeba samadi. Mtoto akamaliza darasa la saba akilichukia jembe na hajui kwa nini mahindi hupandwa kwa nafasi. Darasani kwa shangazi yako, aliyechelewa hakupewa jembe. Watoto walikwenda na kamba ya katani, wakapima kipande chao, wakakadiria mashimo, wakabishana nani amekosea, na hakuna aliyewapa alama.

Kwa hiyo mtoto akikaa Dar, msimtungie maswali kumi kila mnapotoka. Mpeleke Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, asikie habari za fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, kisha mwacheni akae kimya akitaka. Mtume sokoni na pesa, arudi na chenji na maelezo. Simu izimwe wakati wa kula, yako kwanza.

Na mfundishe bao. Babu yake alikuwa bingwa wa baraza lake, na wewe umeacha lipotee nyumbani kwako. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na akitaka kushinda lazima ahesabu mzunguko mzima kichwani kabla hajagusa kete. Hesabu hizo mnamlipia mtu jioni.

Kuhusu malipo, shangazi yako hajasahau kwamba baba yako alisoma kwa ng'ombe wa mahari aliyolipiwa shangazi huyu. Hasemi ili alipwe. Anasema ili ujue kwamba ukoo huu haujawahi kubania elimu, na kwamba anayekuandikia ana haki ya kuuliza inakokwenda.

Turudi kwa mtoto. Wiki mbili za tuisheni zinatosha. Mbili zilizobaki ni za huku. Kijana wa kabichi anapanda Jumamosi, mkabidhi pale Kituo cha Magufuli. Shangazi atashuka hadi Mombo kumpokea mwenyewe, kwa sababu kona zile za zaidi ya kilomita 30 humtapisha asiyezizoea. Aje na sweta mbili na daftari moja la hesabu. Atafanya hesabu asubuhi, na shangazi yako bado anaweza kusahihisha. Baada ya hapo kuna vinyonga wa pembe msituni, kuna jirani anayetengeneza mizinga ya nyuki, na kuna maziwa na friji hapa nyumbani.

Jibu kabla ya Ijumaa. Piga mwenyewe, usimtume mkeo.

Shangazi yako