Kutoka Qurum kwenda Jabal Shams: ipi ivaliwe kwanza?

Januari hapa Qurum si baridi ya kusimulia. Jioni watu wanatembea ufukweni na fulana, na sweta zetu zimelala kabatini zikingoja safari ya London. Lakini ukiendesha gari saa tatu, nne hivi, unafika Jabal Shams, mlima wa karibu mita 3,000. Kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kama digrii 6, na usiku wa majira haya maji yanaweza kuganda huko juu.

Safari hii Mama anakuja nasi, na Mama ana pumu. Ametoa kanga mbili na koti zito. "Baridi dawa yake koti, mwanangu."

Kwa kukaa, kweli. Kwa kutembea, koti moja zito lina ila: ukilivaa unatota jasho, ukilivua unabaki na fulana. Ile njia ya ukingoni, inayokwenda kijiji kilichohamwa cha As Sab, ina jua kali. Ukiingia kivulini ukasimama, upepo unakukuta umerowa. Watoto ndio huanza kutetemeka, nao hawasemi.

Kwa hiyo ya mwilini iwe nyembamba, ya poliesta au sufu laini. Pamba hunywa jasho ikakaa nalo. Juu yake sweta, isikubane, maana kinachotia joto ni hewa iliyonaswa ndani. Ya mwisho ni jaketi jepesi lisilopitisha upepo. Sweta peke yake upepo unaipenya kama chekecheke. Mkianza kupanda, vueni sweta kabla jasho halijatoka. Mkisimama, livaeni jaketi kabla hamjasikia baridi. Kwa hiyo jaketi likae juu kabisa begini, si chini ya sufuria.

Shingoni sioni cha kuishinda masari ya sufu, kilemba cha hapa hapa Oman. Mama ataifunga puani na mdomoni, avute hewa iliyopata joto kidogo. Pampu yake ya pumu itakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani ikipoa sana haitoi dawa sawasawa.

Kanga nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nguo kavu za kulalia za watoto. Koti nalo tunalichukua. Tukishapiga hema atalivaa juu ya sweta, akae, atupangie nani achemshe chai.