Jua la Saa Tatu Usiku

Nilikuwa nimemwahidi binti yangu, mwenye umri wa miaka sita, kwamba nitampigia simu kila jioni kabla hajalala. Yeye hulala saa tatu.

Jioni yangu ya kwanza mjini Madrid, mwezi wa Juni, jua lilikuwa bado linawaka na watoto wakicheza uwanjani. Nikajua ni mapema. Lo! Kutazama saa, ni saa tatu usiku. Nairobi ilikuwa saa nne.

"Amelala akilia," nyanya yake aliniambia.

Kumbe ni Jenerali Franco aliyesogeza mbele saa za Uhispania mwaka wa 1940, zikalingana na za Ujerumani, ilhali Madrid iko magharibi ya Greenwich. Ndiyo maana wenyeji hula chajio saa nne usiku, tena kwa vicheko na kelele. Mimi niliyezoea kula saa moja nilibaki kumeza mate.

Kisha nikaenda Lisbon, ambako saa ziko nyuma ya Madrid kwa saa moja. Wareno waliwahi kuzifuata saa za majirani wao mwaka wa 1992, watoto wakawa wanakwenda shuleni gizani. Wakaziacha mwaka wa 1996. Wenyeji niliokutana nao ni wapole, wa sauti ya chini. Katika mkahawa mmoja niliachwa na kikombe kimoja cha kahawa alasiri nzima, macho kwenye saa.

Ilipotimia saa kumi na mbili unusu, nikapiga.

"Mama, huko kuna jua?"

"Liko, mwanangu."

"Na juzi lilikuwako?"

"Lilikuwako."

"Sasa mbona hukupiga?"