Muulize Bibi

"Mbukwenyi!" mama alitupokea tulipofika Buigiri. Mwanangu akanitazama mimi. Hakuelewa kitu. Mama akacheka, lakini nilijua kosa ni langu. Kule mjini nilipiga marufuku Kigogo nyumbani, eti kitamchanganya mtoto. Mimi mwenyewe, ndugu msomaji, nilichapwa shuleni kwa kukisema.

Mwaka 2009 watafiti Kovács na Mehler waliandika habari za watoto wa miezi 7 huko Italia. Waliwazoesha kutazama upande mmoja wa skrini, kungoja kikaragosi kitokee. Kisha wakakihamishia upande wa pili. Waliolelewa kwa lugha mbili waligeuza macho; wa lugha moja wakang'ang'ania kulekule. Wengine waliorudia jaribio hilo baadaye hawakuiona tofauti hiyo. Haya, tusijivune. Lakini humo sikumwona mtoto aliyeharibiwa na lugha ya pili.

Usiku, kwenye ugali na mlenda, mama akasema neno. Mtoto akageuza shingo haraka.

"Baba, anasemaje?"

Nilitaka kumtafsiria. Nikanyamaza kidogo.

"Muulize bibi."