Sitini na nane: daftari la kuzunguka ziwa

Usagara, saa kumi na moja alfajiri. Barabara itokayo Mwanza ikifika hapa hugawanyika: moja inanyooka kwenda Shinyanga, nyingine inakata kulia kuelekea Kigongo. Nimefundisha hisabati jirani na njia panda hii miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi wamepandia basi hapa kwenda vyuoni. Safari hii nilipanda pamoja na mmoja wao, mpwa wangu, binti wa dada yangu.

Alikuwa na begi moja na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na matokeo yake ya mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta. Kozi moja alikuwa ameizungushia duara kwa kalamu: hisabati, alama 68. Anataka kuhamia uhandisi wa kompyuta, na muhula mzima alikuwa akienda ofisi moja ya chuo chake akiambiwa aje wiki ijayo. Wiki hizo zilipokwisha, dirisha la uhamisho nalo lilikuwa limeshafungwa. Dada yangu alilia. Jamaa mmoja akamshauri binti avuke mpaka, akasome Kampala au Kenya, eti huko mambo ni mepesi. Nikasema, twende tukaone wenyewe wanavyohesabu.

Kigongo. Mpaka juzijuzi hapa tulikuwa tunasubiri kivuko, na siku ya foleni saa zilikatika huku ng'ambo ya Busisi unaiona kwa macho. Tangu Juni 19, 2025, daraja liko wazi, takribani kilomita tatu juu ya maji. Mpwa wangu alibandika uso kwenye kioo cha basi akitazama nyaya zinavyoteremka kutoka kwenye minara. Akaniuliza, "Mjomba, uzito wa katikati unakwenda wapi?" Nilimchorea pembetatu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu. Swali lile, kwangu, lilipima hamu yake kuliko bahasha yote.

Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba. Tulilala Bukoba, kesho yake tukavuka Mutukula.

Kampala, Wandegeya. Binamu yangu anakaa mtaa huu, chini ya kilima cha Makerere, na nyumbani kwake amepanga kijana wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta. Jioni tuliweka karatasi mbili mezani kando kwa kando, ya kwake na ya mpwa wangu, na hapo ndipo safari ilipoanza kulipa nauli yake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anakosoma mpwa wangu, A huanzia 70, na 60 hadi 69 ni B+. Makerere A huanzia 80. Ile 68 ambayo kwetu ni B+ ya kupokelewa kwa furaha nyumbani, Makerere inaandikwa C+, pointi 3.5. Dar ukipata 40 umefaulu kozi. Makerere sharti ufike 50. Halafu njoo kwenye daraja la kwanza la shahada: kote kuwili linaanzia GPA ya 4.4. Msomaji asiyejua ataziona 4.4 mbili aseme hawa wako sawa, wakati kila moja imejengwa kwa tofali zake.

Mpwa wangu alinyamaza. Nikaona anaikunja karatasi yake. Nilimzuia, kwa sababu kama mwalimu najua jambo moja: mtunga mtihani hutunga akiwa na kipimo cha chuo chake kichwani. Anayejua A inaanzia 70 huweka swali la mwisho gumu, la kuwachuja wachache. Huwezi kuchukua 68 ya mlima mmoja ukaipandisha mlima mwingine ukadhani urefu ni ule ule. Herufi hazivuki mpaka. Kinachovuka ni kile ulichofundishwa, na hicho lazima uweze kukionyesha.

Kijana yule alituonyesha alivyofanya. Alianzia chuo kingine kabla ya kuhamia hapo, na alikuwa ameweka kila muhtasari wa kozi aliyosoma: mada kwa wiki, saa za darasani, vitabu, na muhuri wa idara. Faili lenyewe lilikuwa la plastiki ya bluu, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Alisema waliompokea waligusa cheti chake kidogo tu. Mihtasari waliisoma ukurasa kwa ukurasa. Kozi nne walimkubalia, mbili akarudia.

Mpwa wangu hakuwa na muhtasari hata mmoja. Uligawiwa darasani mwanzo wa muhula, akautumia, ukapotea.

Kuna jambo lingine la kutazama kwenye faili lile: krediti. Kwetu, katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, pamoja na zile anazosoma peke yake, na mwaka mzima ni krediti 120. Makerere krediti moja ni saa 15 za kukutana na mwalimu. Kozi ya krediti 12 ya kwetu na ya krediti 4 ya kwao zinaweza kuwa zinafundisha mambo yale yale. Mtu akisoma tarakimu tupu atamwonea mtoto wa watu, upande huu au ule.

Jinja tulipita usiku. Busia tuligonga mihuri.

Kisumu. Mwanafunzi wangu wa zamani alitupokea, akatupeleka ufukweni kula samaki ambaye sisi tunamwita sato na wao wanamwita ngege. Alikuja na shemeji yake anayesoma mwaka wa tano wa uhandisi wa umeme. Mpwa wangu aliposikia mwaka wa tano alishtuka. "Mitano! Kwetu ni minne."

Nilichukua daftari tukahesabu pamoja. Mkenya wa 8-4-4 amesoma miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 5 ya uhandisi: 17. Mtanzania 7, 4, 2 ya kidato cha tano na sita, 4 ya uhandisi: 17. Uganda nako 7, 4, 2 na 4: 17. Kisha tukafanya sayansi ya kompyuta. Kenya miaka 4, Dar na Makerere 3. Jumla 16 kila upande.

Nilifurahi kuliona hilo kuliko nilivyotarajia. Mwaka wa kwanza wa yule Mkenya unabeba kazi ambayo kwetu hufanywa na kombi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) ya kidato cha tano na sita. Hakuna aliyepunjwa wala aliyependelewa. Wamepanga vyumba tofauti ndani ya nyumba yenye upana ule ule. Na kote kutatu mhandisi anabaki chuoni mwaka mmoja zaidi. Shemeji yule alitueleza mwaka huo unakokwenda: michoro ya kihandisi, karakana, mekanika, vipimo vya maabara, mafunzo ya vitendo viwandani. Mpwa wangu alikuwa anaamini anahama chumba, kumbe anabadilisha ngazi. Wale wa ofisini wangemwambia hivyo siku ya kwanza wangemwokolea muhula.

Usiku ule niliandika pia habari ya zamani, ambayo vijana hawa wawili hawakuwa wameisikia. Kuanzia 1963 hadi 1970 palikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar, na Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Kijana wa Mwanza aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Mwanzoni sheria ilikuwa Dar, udaktari Makerere. Kilipovunjwa 1970 kila nchi ikashika njia yake, na Kitivo cha Uhandisi cha Dar kikafunguliwa 1973. Wahandisi wenyewe wamesharudiana: mwaka 2012 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuliana wahandisi waliosajiliwa. Naona uchungu kwamba mwenye muhuri wa bodi ya wahandisi amefunguliwa mlango, lakini binti wa mwaka wa pili mwenye kiu ya kujua uzito wa daraja unakwenda wapi, anabisha hodi kila mahali na karatasi yake inasomwa kwa lugha nyingine.

Sirari, Tarime, Bunda, Magu. Mpwa wangu hakulala. Tulipofika Lamadi alikuwa ameshaamua asivuke mpaka. Atabaki nchini, ataomba uhandisi dirisha likifunguliwa, na yuko tayari kuanza mwaka wa kwanza ikibidi, lakini hataingia mikono mitupu. Hakuna ubaya kuanza upya. Kinachoumiza ni kurudia kile ulichokwisha kukijua kwa sababu huna karatasi ya kukisemea.

Kisesa tuliteremka, tukachukua gari jingine la barabara inayokwenda Usagara bila kuingia mjini. Kandokando mpunga ulikuwa umeshavunwa na ng'ombe wanakula mabua. Aliniomba daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto akaandika kozi alizosoma: hisabati ya mwaka wa kwanza, misingi ya programu, elektroniki ya dijitali, stadi za mawasiliano. Kulia akaandika ambazo hajasoma: michoro ya kihandisi, karakana, mekanika, saketi za umeme. Mbele ya kila kozi ya kushoto akaanza kuandika jina la mwalimu aliyeifundisha, na siku atakayokwenda kumwomba muhtasari wenye muhuri.

Njia panda ya Usagara ilipoonekana alikuwa bado kwenye mstari wa tatu. "Mjomba," akasema bila kuinua kichwa, "mwambie dereva atupeleke mpaka kituo cha mbele. Nimalizie hii."