Umechanganya mbu na vimelea

Basi bwana, mwaka juzi mhariri alinituma Arusha kwenye mkutano wa mwaka wa chama kimoja cha wanasayansi wa afya. Mimi Mlimani nilisomea uandishi wa habari, sayansi niliiaga kidato cha pili. Siku ya kwanza nikasikiliza mada tatu, nikaandika, nikatuma. Kesho yake ikatoka ukurasa wa tatu na jina langu juu. Nilivimba kichwa, jamani.

Saa ya chai akanijia mama mmoja wa makamo, profesa, gazeti mkononi.

"Mwanangu, umechanganya mbu na vimelea."

Nilikuwa nimeandika kwamba malaria imekuwa sugu kwa dawa. Kumbe mtoa mada alizungumzia mbu wasiokufa kwa dawa inayowekwa kwenye vyandarua. Hayo ni mambo mawili kabisa. Usugu wa vimelea ndio uliofanya Tanzania iache klorokwini mwaka 2001 na kuhamia SP, kisha dawa mseto mwishoni mwa 2006. Mtu angesoma habari yangu akaacha kumeza dawa inayomponya! Tulichapisha masahihisho, lakini usiku ule sikulala.

Mkutanoni palikuwa na vijana wengi wa maabara waliokuwa wakisaka walezi wa kitaaluma. Wanagawa kadi, wanasema "Profesa, naomba uniongoze", wazee wanaitikia "sawa, sawa", na biashara inaishia hapo. Nilimuuliza yule mama kwa nini. Akasema kijana akimletea jedwali lake lililomshinda atakaa naye hadi chai ipoe. Akileta kadi, hajui aanzie wapi.

Nikamkumbuka Faraday. Mwaka 1812, akiwa bado kijana wa kujifunza kufunga vitabu London, alihudhuria mihadhara ya Humphry Davy, akaandika yote, akayafunga kama kitabu na kumpelekea mwenyewe. Mwaka 1813 Davy akamwajiri kuwa msaidizi wake maabara. (Lakini mwaka 1824, Faraday alipopigiwa kura kuingia Royal Society, aliyepinga ni Davy huyohuyo, naye ndiye rais wake. Walezi nao ni binadamu.)

Basi mimi nikarudi kwa mama na daftari, maneno kumi na moja nisiyoyaelewa. Tukakaa. Akapendekeza niwe namtumia habari zangu kabla ya kuchapwa. Hapo nikakataa, kwa adabu lakini nikakataa, maana kwetu chanzo cha habari hakihariri habari. Akanuna kidogo. Tukakubaliana kwamba nitamuuliza maana ya mambo, habari zangu hatazipitia, na utafiti wake mwenyewe ataandika mwenzangu.

Mpaka leo tunaendelea hivyo. Jumatatu nilimtumia ripoti moja ya vyandarua na swali langu. Akajibu kwa mstari mmoja: "Soma kwanza jedwali la pili, halafu nipigie."

Nimelisoma mara mbili. Nampigia kesho asubuhi.