Kwa mpwa wangu, kuhusu moyo laini na sonona

Chiungutwa, Masasi

Mpwa wangu mpendwa,

Mikorosho imeanza kutoa maua, na tangu alfajiri unasikia mashine za kupulizia zikinguruma kila upande. Mama yako ni mzima, ila usingizi haumjii vizuri, na sababu unaijua. Alinisomea ule ujumbe uliomtumia, kwamba ulizaliwa na moyo mbovu, kila kitu kinakuumiza, na bora ungekuwa hujisikii chochote kama wenzako. Kwetu mjomba hasikii neno kama hilo kutoka kwa mtoto wa dada yake akanyamaza.

Moyo wako si mbovu. Ni laini, na umekuwa laini tangu utoto. Lakini sasa naona umeingiwa na ugonjwa, nao unaitwa sonona. Hayo ni mambo mawili, na wewe umeyafanya moja. Wanaokuzunguka nao wameyafanya moja: wanakuona umejifungia chumbani wanasema, "ndivyo alivyo huyo, tangu mdogo mwepesi wa kulia." Kwa maneno hayo mgonjwa anakaa mwaka mzima bila mtu kumpeleka hospitali.

Ulaini wako naujua vizuri. Msimu wa 2018, minada ya korosho ilipokwama kwa ajili ya bei, wewe ndiye uliyegundua kwamba mama yako anajifanya ameshiba ili nyinyi mle. Kaka zako walikaa mkeka mmoja na wewe na hawakuona. Ulikuja kwangu usiku machozi yanakutoka, nami kesho yake nikapeleka mahindi. Na ngoma ilipolia, nani alicheza kukuzidi? Bibi yako alipenda kukaa na wewe kuliko wajukuu wote kwa sababu ulikuwa ukimsikiliza kwa uso mzima.

Watu wa namna yako wapo wengi. Elaine Aron, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaandikia kitabu mwaka 1996, na watafiti waliomfuata wanakadiria kuwa katika kila watu 10, wawili au watatu wameumbwa kuguswa zaidi ya wengine. Hiyo ni tabia ya kuzaliwa. Haina dawa kwa kuwa haihitaji dawa.

Sonona ni kitu kingine. Katika kazi yangu ya utabibu, hadi nilipostaafu, walikuja wengi wakilalamika kichwa, tumbo, mwili kuishiwa nguvu, moyo kwenda mbio. Unapima malaria, hakuna. Ukiuliza habari za usingizi, mtu anakuambia anaamka saa tisa usiku na ndiyo basi mpaka kunakucha. Chakula hakina ladha. Kazi aliyoipenda haimvutii. Anajilaumu kwa mambo ambayo si kosa lake, akili haitulii kwenye jambo moja, na wanaume wengine badala ya huzuni wanakuwa na hasira za karibu. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukikaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili kama hizo, tabibu yeyote makini ataanza kufikiria sonona.

Kilichonishtua mimi ni msiba wa bibi yako. Hukulia. Watu walikusifu kwamba kijana amekomaa. Mimi nilikutazama pale kaburini ukiwa na koleo mkononi, na jioni ukaniambia, "Mjomba, sisikii kitu." Wewe, usisikie kitu kwa bibi yako! Mwenye moyo laini huumia, hulia, na kesho likimfika jambo jema hufurahi kuliko wengine. Mwenye sonona hata jema halimfikii. Watafiti waliowapima wagonjwa wa sonona wamekuta kwamba huguswa kidogo kuliko watu wengine na yanayofurahisha, na hata na yanayohuzunisha. Kwa hiyo unapoomba usijisikie chochote, unaomba kile ambacho ugonjwa tayari umeanza kukufanyia.

Wewe ni mtoto wa wakulima wa korosho, utanielewa kwa mfano huu. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, uliripotiwa nchini mwetu mwaka 1979. Unashika machipukizi machanga na maua, kwa sababu hapo ndipo palipo laini. Jani lililokomaa hauliwezi sana. Zao la nchi lilikuwa limefikia tani kama 145,000 msimu wa 1973/74, na msimu wa 1986/87 lilikuwa chini ya tani 20,000. Watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na bei mbaya navyo vilichangia, lakini ugonjwa ule ulituumiza vibaya. Kisha watafiti wa kituo cha Naliendele wakatufundisha kutumia salfa. Hakuna aliyeambiwa akwanyue maua ili ubwiriunga ukose pa kushika. Tulipulizia ugonjwa tukayalinda maua, maana bila ua hakuna korosho.

Sitakudanganya kwamba ulaini hauna hatari yake. Mtu anayeguswa sana, akiwekwa penye dharau, madeni na upweke, huangukia sonona kwa urahisi kuliko mwenzake. Chumba cha kupanga Dar es Salaam, kazi ya kibarua na bosi wa kufoka vingemchosha yeyote; wewe vimekuchosha mara mbili. Lakini msaada nao unakugusa hivyohivyo. Mwaka 2015 Michael Pluess na Ilona Boniwell walichapisha utafiti wa wasichana wa miaka kama 11, wa shule moja katika mtaa maskini wa mashariki ya London, waliofundishwa namna ya kujikinga na sonona. Walionufaika ni wale wepesi wa kuguswa. Kwa wale wagumu mafunzo hayakuonyesha tofauti. Soma habari hiyo mara mbili, mpwa wangu.

Najua na jando linakurudia kichwani, kwamba mwanamume halii. Nilikuwepo ulipoingia jandoni. Tulikufundisha kuvumilia maumivu ya siku chache ukiwa katikati ya wenzako, na kungwi akiwa pembeni yako usiku na mchana. Hakuna mzee wa huku aliyekufundisha kuugua peke yako chumbani. Pombe nayo usiitegemee. Uraka na hizo chupa za huko mjini hukupa usingizi wa saa mbili na kuizidisha sonona asubuhi. Sala usiache, ila sala na hospitali havijawahi kugombana.

Tafuta mtu wa kuzungumza naye. Huko Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa, wakilitafutia ufumbuzi tatizo moja kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi hao walikuwa kama 14 katika kila 100. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50.

Hospitali za rufaa kama Temeke, Amana na Mwananyamala zinatibu magonjwa ya akili, na Muhimbili ipo. Ukipewa dawa kama fluoksetini, usitegemee ahueni siku ya tatu. Huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana, na ukipata nafuu usiache mpaka daktari aseme.

Sasa nakuuliza waziwazi, kwa kuwa kuuliza hakumpandikizii mtu wazo: umewahi kufikiria kujiua? Kama ndiyo, nipigie leo hii, hata kama ni saa nane usiku, na mwambie daktari bila kuficha. Nakumbuka watu wanavyoogopa sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba, na kwa maoni yangu nasi tungefuata njia hiyo. Lakini kumweleza daktari kwamba mawazo hayo yanakujia si kosa.

Nimetuma pesa kwenye simu yako, ya nauli na ya kumwona daktari. Nenda wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi. Ukiona huwezi kwenda peke yako, niambie, nitapanda basi la Masasi nije twende wote. Na usiku wa leo mpigie mama yako.

Ni mimi,
Mjomba wako