Tortellini za Bruda

Krismasi iliyopita sikwenda kwetu, maana nauli haikutosha. Bruda mmoja mzee, mtu wa Bologna katika Italia, akaniita jikoni. "Mwanangu, nisaidie. Mikono yangu inatetemeka." Nilisitasita, kwa kuwa kwetu mwanamume hakai jikoni, lakini nikaenda.

Kila gramu 100 za unga wa ngano, yai moja, maji hakuna. Nilikanda hata donge likawa laini kama ndewe la sikio. Lilipokwisha kupumzika nikalisukuma kama chapati, jembamba hata ukiliinua dirishani waona mwanga. Ndani hutiwa nyama ya nguruwe, jibini iliyokunwa na kungumanga. Mortadella, soseji ya kwao, hatukuwa nayo, basi tukaongeza nyama. Mapishi hayo yaliandikishwa Bologna mwaka 1974, ila mama yake Bruda, asema, hakuhitaji karatasi.

Kazi hasa ni kukunja. Wakata vipande vya mraba, watia nyama kidogo, wakunja pembetatu, kisha wazungusha kidoleni na kubana ncha. Watu wa huko husema umbo lile ni kitovu cha Venus. Bruda alinieleza hayo akitazama kando.

Nilikawia, vipande vikakauka, na tortellini nyingi zikapasuka katika supu ya kuku. Niliona haya. Bruda akachota zilizopasuka akajitilia bakulini mwake, zilizo nzima akanipa mimi. Akala polepole, kisha akaniuliza mama yangu hupika nini Krismasi.

Mwezi wa pili alirudi kwao kutibiwa. Kifimbo cha kusukumia aliniachia mimi.